Sake huonjwa mara mbili: Somo la Japani kwa wenye mpunga

WAPO wafanyabiashara wengi wa mchele wanaoamini kwamba bei hupangwa na mizani peke yake. Gunia likishapimwa na kilo kuhesabiwa, kinachobaki ni kuvutana na dalali mpaka mmoja achoke. Ladha ya mchele wenyewe haimo katika mazungumzo hayo, na kama imo basi ni kwa neno moja tu: "unanukia".

Nchini Japani kuna mpunga ambao bei yake haiishii kwenye mizani. Mpunga huo haupikwi wali. Hutengenezewa sake, pombe ya asili ya Wajapani, na kila hatua yake tangu shambani hadi mezani hupimwa kwa macho, kwa pua na kwa ulimi.

Kwa wasomaji ambao dini au afya haiwaruhusu kunywa pombe, somo lililomo humu si la kilevi bali la mpunga. Ni somo la jinsi nafaka ile ile inavyoweza kuuzwa kwa bei ya kawaida au kwa bei ya juu kabisa, kutegemea kama mwenye mali anajua kuieleza.

Somo lenyewe ni hili: sake huonjwa mara mbili. Mara ya kwanza huonjwa ikiwa peke yake katika kikombe, na hapo ndipo inapopata daraja. Mara ya pili huonjwa pamoja na chakula, na hapo ndipo inapopata mnunuzi. Mwenye bidhaa anayejali onjo moja na kusahau la pili atapata hasara, hata kama bidhaa yake ni nzuri.

Mchele, ukungu na maji

Kwanza ni vizuri kufahamu sake inavyotengenezwa, maana wengi huidhani kuwa ni aina ya gongo. Sivyo. Gongo hukenekwa; sake huchachushwa tu, kama zilivyo bia na mbege.

Tofauti yake ni hii. Anayepika mbege hutumia kimea cha ulezi, na mtengenezaji wa bia hutumia kimea cha shayiri, ambacho hugeuza wanga kuwa sukari ili hamira ipate cha kula. Mchele uliokobolewa hauwezi kuota, hivyo hauwezi kuwa kimea. Wajapani huchukua mchele uliopikwa kwa mvuke na kuupandikiza ukungu maalumu uitwao koji. Ukungu huo ndio unaofanya kazi ya kimea.

Kisha mchele wa koji huchanganywa na mchele mwingine uliopikwa, maji na hamira ndani ya pipa moja. Wanga unageuka sukari huku sukari ikigeuka pombe, yote kwa wakati mmoja. Kwa njia hii kilevi hufika hata asilimia 18 au 20, ndipo sake nyingi huongezewa maji zishuke hadi asilimia 15 au 16 kabla ya kuuzwa.

Maji nayo yana bei yake. Eneo la Nada, karibu na mji wa Kobe, lilipata sifa kutokana na maji ya visima vya Nishinomiya yaitwayo Miyamizu, ambayo ubora wake uligunduliwa mwaka 1840. Ni maji magumu yenye madini yanayoipa hamira nguvu, lakini yana madini machache sana ya chuma, ambayo huharibu rangi na ladha ya sake. Fushimi, katika mji wa Kyoto, hutumia maji laini zaidi. Ndiyo maana tangu zamani Wajapani husema sake ya Nada ni ya kiume na ya Fushimi ni ya kike, yaani moja ina ukali na nyingine ina ulaini.

Daraja linatoka wapi

Mchele wa kula nchini Japani hukobolewa mpaka kiasi cha asilimia 10 ya punje inaondoka. Wa sake hukobolewa zaidi. Sababu ni kwamba sehemu ya nje ya punje ina mafuta na protini nyingi zinazoleta ladha nzito na kufunika harufu, wakati katikati kuna wanga safi.

Sheria ya huko inataja viwango. Sake iitwayo ginjo ni lazima itokane na punje iliyobaki asilimia 60 au chini ya hapo. Ile ya daiginjo ni asilimia 50 au chini yake, maana yake nusu ya punje au zaidi imeondolewa. Honjozo ni asilimia 70 au chini. Neno junmai likiwepo kwenye chupa, mnunuzi anajua kwamba hakuna spiriti iliyoongezwa. Ni mchele, koji, maji na hamira tu.

Kukoboa kwa kiwango hicho si kazi ya dakika chache. Kundi moja la mchele wa daiginjo linaweza kukaa kwenye mashine kwa zaidi ya siku mbili, likikobolewa polepole ili punje zisipate joto na kuvunjika. Teknolojia hiyo ilianza na Riichi Satake wa Hiroshima, ambaye mwaka 1896 alitengeneza mashine ya kwanza ya Kijapani ya kukoboa mpunga kwa nguvu ya injini.

La kujifunza zaidi ni namna madaraja hayo yalivyopatikana. Kwa miongo mingi serikali ya Japani ilikuwa na utaratibu wa daraja maalumu, daraja la kwanza na daraja la pili. Kila daraja lilikuwa na kodi yake. Matokeo yake, baadhi ya watengenezaji hawakupeleka sake yao nzuri kukaguliwa. Waliiuza kama daraja la pili ili kukwepa kodi kubwa, na wateja waliojua waliinunua kwa furaha.

Daraja lisilolingana na ladha haliwezi kudumu. Utaratibu huo ulifutwa kabisa mwaka 1992, na nafasi yake ikachukuliwa na majina yanayoeleza kazi iliyofanyika: mchele umekobolewa kiasi gani, na kuna kilichoongezwa au hakuna. Mnunuzi hakuambiwa tena "hii ni nzuri kwa sababu serikali imesema". Aliambiwa kilichomo, kisha akaachiwa ulimi wake aamue.

Onjo la kwanza: kikombe

Kikombe cha kuonjea sake ni cha kauri nyeupe, na ndani, kwenye kitako, kimechorwa duara mbili za buluu. Wajapani wenyewe huziita jicho la nyoka. Duara hizo si pambo. Weupe humwonyesha mwonjaji kama sake imegeuka rangi, na mpaka wa buluu humwonyesha kama ni angavu au ina ukungu.

Baada ya macho hufuata pua. Sake changa ya daraja la juu hunukia matunda, kama tufaha, tikiti au ndizi mbivu. Nyingine hunukia wali uliopikwa, maziwa au uyoga. Iliyokaa miaka mingi hunukia sukari iliyoungua na matunda makavu. Iliyoharibika nayo ina harufu zake, na mwonjaji hodari hujua kama kosa lilikuwa la kuhifadhi, la hamira au la usafi wa pipa.

Hapo ndipo mwonjaji huchukua funda dogo, akaivuta pamoja na hewa, akaizungusha mdomoni na kuitema. Anaangalia utamu, uchachu, uchungu, ukali na ile ladha nzito ya supu iliyokolea ambayo Wajapani huiita umami. Ladha hiyo ilielezwa kisayansi mwaka 1908 na Kikunae Ikeda, aliyeipata kwenye mchuzi wa mwani. Mwisho anaangalia ladha inayobaki kooni: inakatika haraka au inakaa.

Chupa nyingi huandikwa namba inayomsaidia mnunuzi. Namba yenye alama ya kujumlisha huashiria sake isiyo na utamu mwingi, na yenye alama ya kutoa huashiria iliyo tamu zaidi. Hata hivyo, namba hiyo haitoshi peke yake, kwa kuwa uchachu ukiwa mwingi unaweza kuufanya utamu usisikike.

Utaratibu huu haukuja kwa bahati. Mwanzoni mwa karne ya 20 kodi ya pombe ilikuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa kabisa vya mapato ya serikali ya Japani. Pipa likioza, mtengenezaji alifilisika na hazina ikakosa fedha. Kwa hiyo mwaka 1904 ilianzishwa taasisi ya taifa ya utafiti wa pombe chini ya Wizara ya Fedha, na mwaka 1911 yakaanza mashindano ya kitaifa ya kuonja sake mpya ambayo yangali yanaendelea. Sake iliyoshinda ilichunguzwa, na hamira zilizofanya vizuri zikasambazwa kwa watengenezaji wengine.

Hiyo ndiyo faida ya kuonja kwa utaratibu. Si starehe ya matajiri. Ni njia ya kugundua kosa mapema, kuiga kilicho bora na kuwapa muuzaji na mnunuzi maneno ya pamoja ya kuelewana.

Mtego wa mashindano

Lakini onjo la kikombe lina hatari yake. Mwamuzi anayeonja sake nyingi kwa siku moja, funda moja moja na kutema, huvutiwa na ile yenye harufu inayopanda puani mara moja. Watengenezaji walilijua hilo. Ikatokea kanuni iliyojulikana kwa kifupi kama YK35: mpunga wa Yamada Nishiki, hamira ya Kumamoto, na punje iliyokobolewa mpaka ikabaki asilimia 35.

Kanuni hiyo ilizaa washindi wengi. Lakini sake yenye harufu kali ya matunda, inayompendeza mwamuzi kwa funda moja, si lazima impendeze mtu aliyeketi kula kwa saa nzima. Ikiwekwa mbele ya samaki aliyepikwa kwa miso, ambayo ni rojo la soya lililochachushwa, manukato yake hugombana na mchuzi na vyote viwili hupoteza.

Ni makosa, basi, kudhani kwamba aliyekoboa zaidi ndiye aliyeshinda daima. Bei ya daiginjo ni halali kwa sababu mchele mwingi na muda mwingi umetumika. Lakini bei hiyo ni ya kazi; si hakikisho kwamba itafaa kwa kila chakula. Mwenye mkahawa anayeisukuma chupa ya bei ghali kwa mteja aliyeagiza nyama ya kuchoma amepata faida ya siku moja, na huenda amempoteza mteja.

Onjo la pili: sahani

Ili kuwasaidia wauzaji, chama cha wahudumu wa sake cha Japani kiligawa sake katika makundi manne ambayo hata asiye mtaalamu anaweza kuyashika.

Kundi la kwanza ni la zenye harufu nzuri, ambamo daiginjo na ginjo nyingi huingia. Hizi hunywewa zikiwa baridi na hufaa kabla ya mlo au pamoja na vyakula vyepesi, kama samaki mweupe asiyepikwa, kamba wachanga au mboga zilizochemshwa kidogo.

La pili ni la sake nyepesi na laini, zisizo na harufu nyingi. Hizi ndizo rafiki wa kila mtu mezani. Huenda vizuri na tofu, tambi za soba, samaki wabichi na vitafunwa vya kukaanga, kwani husafisha mdomo baada ya kila tonge.

La tatu ni la sake nzito zenye ladha ya mchele, hasa za junmai. Hizi huvumilia chumvi, mafuta na mchuzi wa soya. Samaki wa kuchoma, kuku wa mishikaki, michemsho ya nyama na viazi, hata jibini, vyote hukaa nazo bila ugomvi.

La nne ni la zile zilizohifadhiwa miaka mingi mpaka zikawa na rangi ya asali au kahawia. Ni chache na zina nguvu. Zinahitaji chakula chenye nguvu pia, kama mkunga aliyechomwa kwa mchuzi mtamu, nyama yenye mafuta au jibini lililokolea.

Kanuni iliyo nyuma ya makundi hayo ni rahisi: chepesi kwa chepesi, kizito kwa kizito. Chakula kisiimeze sake, na sake isikimeze chakula.

Joto nalo lina kazi yake. Sake ni miongoni mwa pombe chache duniani zinazonywewa kwa baridi na kwa moto. Ikipashwa hadi nyuzi 40 huwa na uvuguvugu na ladha ya mchele hufunguka. Kwenye nyuzi 50 ukali husikika zaidi. Junmai ya bei ya wastani iliyopashwa moto inaweza kumfurahisha mlaji wa mchemsho kuliko daiginjo ya bei mara tatu. Mwuzaji anayejua hivyo ana bidhaa mbili katika chupa moja.

Samaki wana hoja yao ya pekee. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo wa zabibu ndiyo yanayochangia kuamsha shombo mdomoni pale mvinyo huo unaponywewa pamoja na vyakula vya baharini. Sake, ambayo watengenezaji wake huepuka maji yenye chuma, ina madini hayo kwa kiasi kidogo mno. Ndiyo sababu mlaji wa samaki mbichi na chaza huona sake inampoza.

Mikoa pia imejifunza kuuza sake na chakula chake kwa pamoja. Kochi, mkoa wa pwani, husifika kwa samaki aina ya sehewa anayebabuliwa kwa moto wa mabua ya mpunga na kuliwa na vitunguu saumu. Sake ya huko haina utamu mwingi na hukata mafuta ya samaki huyo. Hiroshima ina chaza wake na sake laini. Mgeni anayefika huko haulizwi atakunywa nini tu. Huulizwa atakula nini.

Takwimu zinaonyesha umuhimu wa hoja hii. Mwaka 1973 Wajapani walikunywa sake zaidi ya lita bilioni 1.7. Miaka ya hivi karibuni kiasi hicho kimeshuka hadi karibu lita milioni 400. Viwanda vilivyozidi 3,000 miaka ya 1970 vimepungua kwa zaidi ya nusu. Bia, mvinyo na mabadiliko ya vyakula vimeiondoa sake kwenye meza nyingi.

Kwa upande wa mauzo ya nje mambo yamekuwa tofauti. Mwaka 2012 mauzo hayo yalikuwa karibu yeni bilioni 9. Mwaka 2022 yalizidi yeni bilioni 47. Lita ziliongezeka, lakini fedha ziliongezeka kwa kasi zaidi, kiasi kwamba wastani wa bei ya lita moja ulipanda karibu mara mbili. Hata baada ya kushuka kidogo, mwaka 2024 yalikuwa zaidi ya yeni bilioni 43. Sake ilitoka nje ikiwa imefuatana na chakula, kwani vyakula vya Kijapani vilikuwa vimeingizwa kwenye orodha ya urithi wa UNESCO mwaka 2013, na ufundi wa kutengeneza sake nao ukaingizwa Desemba 2024.

Mkulima anapata nini

Swali la msingi kwa wenye mashamba ni kama fedha hizo humfikia mlimaji. Jibu ni kwamba humfikia pale tu panapokuwa na makubaliano yanayoeleweka.

Mpunga maarufu wa sake, Yamada Nishiki, ulitokana na uzalishaji mbegu ulioanza mwaka 1923 katika kituo cha utafiti cha mkoa wa Hyogo, na ulipewa jina hilo mwaka 1936. Punje yake ni kubwa na ina kiini cheupe katikati ambacho koji hupenya kwa urahisi. Lakini ni mpunga wenye taabu. Ni mrefu, upepo huulaza, na mavuno yake kwa eneo ni madogo kuliko ya mpunga wa kula.

Hakuna mkulima mwenye akili atakayelima mpunga wa namna hiyo bila kulipwa zaidi. Ndiyo maana tangu miaka ya 1890 watengenezaji wa Nada na vijiji vya Hyogo walianza kufungana kwa mikataba, kijiji kikijua nani atanunua mpunga wake. Punje hukaguliwa na kupangwa katika madaraja, na yapo madaraja mawili juu ya lile la kwanza kwa ajili ya mpunga wa sake ulio bora kabisa.

Mwaka 2019 watengenezaji wa sake ya Dassai walikwenda mbali zaidi. Walitangaza mashindano ya wakulima wa Yamada Nishiki na kuahidi kununua mpunga wa mshindi kwa yeni 500,000 kwa kila kilo 60, bei iliyokuwa takriban mara 20 ya kawaida. Waliona kwamba mkulima asipoonjeshwa faida ya ubora, ubora wenyewe utakwisha.

Onyo lilikuja muda mfupi baadaye. Kati ya 2024 na 2025 bei ya mchele wa kula nchini Japani ilipanda mno, ikafika zaidi ya yeni 4,000 kwa kilo 5 madukani, karibu mara mbili ya mwaka uliotangulia. Ghafla ile nyongeza aliyolipwa mlimaji wa mpunga wa sake ikayeyuka. Wengine walianza kujiuliza kwa nini wahangaike na mpunga unaolala na kuzaa kidogo, na watengenezaji wakabaki na wasiwasi wa kupata malighafi.

Hapa hakuna wa kumlaumu mkulima. Sifa haijazi debe. Mkataba unaotaja ubora lakini hautaji nini kitafanyika bei ya soko ikipanda ni nusu ya mkataba.

Jambo jingine la kuigwa ni kwamba hakuna kinachotupwa. Pumba za nje huenda kwenye mafuta, vyakula vya mifugo na kutengenezea achari. Unga mweupe unaotoka punje inapokobolewa zaidi hununuliwa na watengenezaji wa biskuti za mchele. Machicha yanayobaki baada ya kukamua sake huuzwa kwa ajili ya supu, achari na kulainishia samaki kabla ya kuchomwa. Punje iliyopoteza nusu ya uzito wake haikupoteza nusu ya thamani yake.

Kutoka Hyogo hadi Moshi na Mwea

Wakulima wa Afrika Mashariki si wageni kwa mpunga wa Wajapani. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani, na wataalamu wa nchi hiyo wamefundisha kwa miaka mingi katika chuo cha kilimo cha KATC mkoani Kilimanjaro. Nchini Kenya, Bwawa la Thiba linalopeleka maji mashamba ya Mwea lilizinduliwa mwaka 2022 baada ya kujengwa kwa mkopo kutoka Japani.

Yaliyopokewa kutoka huko ni majaruba, mifereji, nafasi za miche na matrekta madogo. Hayo yote huongeza magunia. Ambalo halijapokewa kwa uzito huo huo ni utamaduni wa kuonja, ambao ndio unaoongeza bei ya gunia.

Mchele wa Kyela na pishori ya Mwea vina jina kubwa kwa sababu ya harufu yake. Lakini malalamiko ya walaji kwamba michele hiyo huchanganywa na mingine na kuuzwa kwa jina lile lile ni ya siku nyingi. Mchanganyaji hupata faida leo, na jina linaloharibika ni la mkulima ambaye hakuwepo sokoni. Japani ililinda jina la sake yake mwaka 2015 kwa kuliwekea masharti ya mchele wa nchini na utengenezaji wa nchini. Jina lisilo na masharti ni mali ya kila mtu.

Vikundi vya wakulima havihitaji kusubiri sheria ili vianze. Kikundi kinaweza kutenga mpunga kwa mbegu, kisikubali magunia ya mbegu mbili kuingia mashine moja bila kusafishwa. Kila mavuno kinaweza kupika sampuli kutoka kwa kila mwanachama, kwa maji na moto ule ule, wakaonja watu watano na kuandika: harufu, kuvimba, kushikana au kuchambuka, na hali ya wali ukipoa. Daftari hilo la shilingi chache ndilo jicho la nyoka la mkulima.

Baada ya kikombe ije sahani. Mpishi wa pilau na biriani anataka punje inayochambuka. Mama lishe anataka mchele unaovimba na usiokauka hadi mchana. Mkaanga vitumbua hahitaji punje nzima. Chenga zinamfaa na bei yake ni nafuu. Mwuzaji anayemuuliza mteja "unapika nini?" kabla ya kumtajia bei atauza magunia ya aina tatu kwa wateja watatu, wakati jirani yake anagombania bei moja na wote.

Wapo watakaosema Japani ni nchi tajiri na wateja wake wana uwezo wa kuchagua. Ni kweli, lakini utajiri huo haukuzuia zaidi ya nusu ya viwanda vya sake kufungwa. Kilichoviokoa vilivyobaki ni kuacha kushindana kwa lita na kuanza kueleza kilichomo ndani ya chupa na chakula kinachofaa kuwekwa kando yake.

Mizani itaendelea kuwepo na dalali naye hataondoka. Tofauti itakuwa kwa mkulima atakayefika mbele ya mizani hiyo akijua mpunga wake una ladha gani, nani anaupikia nini, na kwa nini hauwezi kuuzwa kwa bei ya mpunga mwingine. Huyo ndiye atakayekuwa na la kusema.